Nikahi Imeshapita, Cheti Kiko Wapi? Makaratasi ya Ndoa Lamu na Malindi

Mkono wa bwana harusi ukishashikwa, walii, yaani msimamizi wa bi harusi, akatoa ijabu (neno la kuozesha) na kabuli (neno la kukubali) ikajibiwa, kidini mtu ameshaoa. Serikalini bado. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inataka kila ndoa iandikishwe, iwe ya Kiislamu, ya Kikristo, ya Kihindu, ya kimila au ya serikali. Ya Kiislamu kazi hiyo ni ya mwozeshaji mwenyewe: anaandika kumbukumbu, anawapa maharusi cheti, kisha anapeleka rekodi kwa Msajili wa Ndoa. Kabla ya kuhesabu sufuria za biriani, basi, ulizeni ni nani ataozesha, na kama ana idhini.

Sheria inamtaja kadhi, sheikh, mukhi au imamu, lakini awe ameidhinishwa na Msajili. Usheikh peke yake hautoshi. Wengi huteleza hapa: ukoo unamwomba mzee wao aozeshe kwa heshima, nikahi inakuwa sahihi, lakini mzee hana kitabu cha vyeti, na baada ya miaka minane mke anahangaika na pasipoti ya mtoto. Dawa yake haivunji heshima ya mtu. Mzee asome khutba na dua, mwenye idhini asimamie ijabu na kabuli na ajaze fomu. Kama hamumjui mwenye idhini mtaani kwenu, ulizeni kwenye mahakama ya kadhi, Lamu au Malindi. Nendeni wiki mbili au tatu kabla. Shaaban waozeshaji wanagombaniwa, na Mfungo Mosi (Shawwal) vilevile.

Makaratasi ya kubeba ni haya: vitambulisho vya maharusi, vya walii na vya mashahidi wawili, fotokopi zake za pande zote mbili, na picha za pasipoti za maharusi. Vyeti vya kuzaliwa vibebeni hata kama hamkuambiwa. Baadhi ya waozeshaji hutaka pia barua ya chifu au ya imamu wa mtaa, hasa mmoja akiwa mgeni wa mji. Aliyepoteza kitambulisho aanze na abstrakti ya polisi, yaani hati ya kuripoti kupotea, aombe kipya, na amuulize mwozeshaji mapema kama karatasi ya kungojea itakubaliwa. Asifike msikitini nayo akitumaini.

Umri ni miaka 18 kwa wote wawili. Idhini ya baba haiupunguzi. Anayemwoa aliye chini ya umri huo anaweza kufungwa hadi miaka 5, au kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 1, au yote mawili.

Majina yanataka uangalifu kuliko jambo lolote, kwa sababu kosa lake halionekani siku ya harusi. Pwani mtu mmoja huwa Athman kwenye kitambulisho, Athumani kwenye cheti cha kuzaliwa na Othman kwenye pasipoti. Bi harusi anaitwa nyumbani jina ambalo halipo kwenye karatasi yoyote. Wekeni karatasi zote mezani, msome herufi kwa herufi, na cheti cha ndoa kifuate kitambulisho. Zikitofautiana kidogo, hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo kwa kawaida hutosha kueleza kwamba ni mtu mmoja. Zikitofautiana jina zima, rekebisheni kwanza kwenye ofisi ya vizazi au ya vitambulisho, hata kama itawachelewesha mwezi. Cheti kikishaingia kwenye rekodi, kukirekebisha ni safari nyingi zaidi.

Walii ni baba. Hayupo, babu mzaa baba, kisha kaka, kisha mtoto wa kiume wa kaka, kisha ami, kwa mpangilio wa fikihi ya Shafii inayofuatwa huku. Mjomba, yaani kaka wa mama, si walii hata kama ndiye aliyemlea binti na kumsomesha, na jambo hili huzua maneno mazito asubuhi ya harusi. Anachoweza mjomba ni kupewa uwakala na walii halali. Baba aliyeko Ghuba au Mombasa aandike uwakala huo, ushuhudiwe, na karatasi ifike kabla ya siku. Simu iliyowekwa spika katikati ya msikiti iachieni salamu. Binti asiye na walii kabisa, au ambaye walii wake anamzuia bila sababu ya sheria, huenda kwa kadhi, na kadhi husimama badala yake.

Kabla ya posa kukubaliwa ulizeni pia habari za kunyonya. Kwenye mitaa ambayo milango inatazamana, kina mama hunyonyesheana watoto bila kuandika popote. Aliyenyonyeshwa mara tano za kushiba na mama wa mwenzake kabla ya kutimiza miaka miwili ni nduguye, na ndoa haipo. Wanaojua ni mabibi, si fomu. Binamu hawana tatizo: katazo la sheria juu yao haliwahusu Waislamu.

Aliyeachwa aje na cheti cha talaka na eda yake, yaani muda wa kungoja, iwe imekwisha: twahara tatu (vipindi vya usafi baina ya hedhi) kwa anayepata hedhi, au mpaka kujifungua kwa mjamzito. Mjane asiye na mimba hungoja miezi minne na siku kumi, na huja na cheti cha kifo. Talaka ya mdomo isiyoandikishwa ni kikwazo kikubwa. Mwozeshaji makini atawarudisha kwa kadhi, na ana haki.

Mashahidi wawe wawili. Kidini wawe wanaume Waislamu waadilifu. Sheria inaongeza kwamba wawe wametimiza miaka 18, wawe na akili timamu, wasiwe wamelewa, na waielewe lugha inayotumika. Mwozeshaji hawezi kujihesabu shahidi. Wateueni kwa majina, kwa sababu msikiti ukijaa kila mtu hudhani shahidi ni mwenzake, na wakati wa sahihi mmoja ameshatoka kwenda kupokea wageni.

Sasa fomu yenyewe. Hujazwa juu ya mkeka, kalamu ikipita mkono kwa mkono, watu wakitaka halua na kahawa. Mstari unaojazwa ovyo kuliko yote ni wa mahari. Kuna wanaoandika "kama walivyokubaliana", na maneno hayo hayamsaidii mke kitu siku ya talaka au ya kugawa mirathi. Andikeni kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Kama ni dhahabu, andikeni gramu na karati. Kisha andikeni ngapi zimetolewa papo hapo na ngapi zimebaki deni, na deni hilo litalipwa lini. Kilemba cha baba na mkaja wa mama ni ada, si mahari. Visichanganywe kwenye mstari huo, maana mahari ni haki ya bibi harusi peke yake. Huyu ndiye mwenye haki, na mara nyingi hayuko chumbani. Fomu ipelekwe kwake aisome, ndipo atie sahihi.

Msiinuke kabla ya kukagua vitu vinne: majina, tarehe, mahari, na nambari ya cheti. Pigeni picha ya cheti palepale, halafu wiki chache baadaye rudini kwa mwozeshaji muulize kama rekodi imeshafika kwa Msajili. Wengine huzilimbikiza zikawa furushi, na kufuatilia ni kazi yenu.

Waliooana zamani bila cheti wasirudie nikahi kwa ajili ya karatasi. Waende mahakama ya kadhi wakaombe ndoa ithibitishwe, wakiwa na vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na mashahidi waliokuwepo au jamaa wanaoijua ndoa hiyo. Mume na mke wote wangali hai ndio wakati wake. Mmoja akishafariki, ombi hilohilo hugeuka kesi ya mirathi, na kila jamaa atakuwa na la kusema.

Ndoa ya serikali ina mlango wake. Ndoa ya Kiislamu chini ya sheria hii ni ya Waislamu wawili, kwa hiyo wenye dini tofauti wasiotaka kubadili hupitia kwa Msajili. Ombi huanzia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ambako mnachagua ofisi na kuona ada ya siku hiyo. Wa Lamu mtazame orodha ya ofisi kwanza, ili mjue kama safari ya boti mpaka Mokowe na basi kutoka hapo mnaihitaji, na mlale mji wenye ofisi siku moja kabla. Notisi hutolewa si chini ya siku 21 kabla ya ndoa, na si zaidi ya miezi mitatu. Ikipita miezi hiyo, mnaanza upya. Ndani yake mnaandika majina, umri, makazi, majina ya wazazi, hali ya ndoa ya kila mmoja, na kwamba hamna udugu unaokataza. Aliyeachika aambatanishe amri ya mahakama, mfiwa cheti cha kifo. Katika kipindi hicho mtu yeyote anaweza kuleta pingamizi kwa maandishi, akieleza sababu.

Jueni pia mnachokifunga. Ndoa ya serikali ni ya mke mmoja: aliyeifunga hawezi kuoa wa pili, hata kwa kadhi, ndoa hiyo ikiwa hai. Na mwenye mke wa nikahi haruhusiwi kufunga ya serikali na mwanamke mwingine. Mume mwenye mke mmoja, wakikubaliana naye, wanaweza kuigeuza ya nikahi kuwa ya mke mmoja. Njia ya kurudi haipo.

Malindi wageni ni wengi, na mgeni huombwa pasipoti na hati ya kwao inayothibitisha kwamba hana kizuizi cha kuoa. Waitaliano huiita nulla osta. Isiyokuwa kwa Kiingereza itafsiriwe. Aanze nayo mapema, kwa sababu ndiyo inayochelewa, na notisi ya siku 21 haimngojei. Cheti cha Kenya kitakachotumika ng'ambo hupelekwa Wizara ya Mambo ya Nje kuthibitishwa, kisha ubalozini. Chukueni nakala mbili zilizothibitishwa mkiwa bado wote mko nchini.

Kikipotea cheti, pateni abstrakti ya polisi na mrudi ofisi iliyokitoa, mkiwa na ile nambari iliyo kwenye picha ya simu.