Ua mng'ao wa kromu kabla ya kuipaka rangi

Rangi inayopakwa juu ya kromu ya bampa au grili hubanduka kwa vipande kwa sababu kromu ni ngumu na laini mno, haina mahali pa rangi kushikilia. Kwa hiyo isugue kwa msasa wa maji namba 320 hadi mng'ao wote ufe, pamoja na zile pembe na mikunjo ambayo mafundi wenye haraka huiruka na ambako ndiko rangi huanza kuinuka. Ondoa mafuta na nta kabla ya kusugua, si baadaye tu, kwani msasa ukipita juu ya grisi huisukuma ndani ya mikwaruzo. Kisha mwagia maji safi: yakitandaa kama utando mmoja, uso uko tayari, yakijikusanya matone, rudia kuosha. Kausha, paka praima (rangi ya kwanza ya kushikiza) ya epoksi ya kuchanganywa na kigumishi, halafu rangi yenyewe katika muda ulioandikwa kwenye kopo. Vaa barakoa, maana vumbi la kromu na nikeli halifai kuvutwa.

Njia hii hushindwa pale kromu ilipokwisha kuvimba kwa kutu: rangi itaishika kromu barabara, lakini kromu yenyewe itaachana na chuma, hivyo sehemu hiyo sharti ikwanguliwe kwanza. Na kwa gari linalokwenda Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, kwenye barabara za murram zisizo na lami, bampa la mbele litadonolewa na mawe hata likipakwa vizuri namna gani.