Jinsi ya Kuamua Iwapo Petroli Yenye Ethanoli Inaifaa Injini Yako

Ethanoli ni alkoholi inayopatikana kwa kuchachusha sukari au wanga wa mimea kama miwa, mahindi na muhogo, kisha kuikeneka na kuiondolea maji. Ikichanganywa na petroli, kiwango chake huonyeshwa kwa herufi E na namba, hivyo E10 ina ethanoli isiyozidi asilimia 10. Kabla ya kujaza, soma kitabu cha mwongozo wa gari au maandishi yaliyo nyuma ya kifuniko cha tangi. Kiwango alichokiidhinisha mtengenezaji ndicho kikomo, hata kama jirani mwenye gari jingine anakizidisha bila tatizo.

Faida zake ni za kweli. Oktani ya ethanoli, yaani kipimo cha uwezo wa mafuta kustahimili mgandamizo bila kuwaka kabla ya wakati, hupita 100, kwa hiyo huzuia injini kugonga, kazi ambayo zamani ilifanywa na madini ya risasi, yaliyokuwa sumu kwa watoto. Zaidi ya theluthi moja ya uzito wake ni oksijeni, hivyo mafuta huungua vizuri zaidi na moshi wa magari ya zamani hupungukiwa na kaboni monoksidi, gesi yenye sumu. Kuhusu hewa ya ukaa, usikubali jibu la mkato: uliza mmea ni upi na shamba limetoka wapi. Kiwanda cha miwa huweza kuendeshwa kwa kuchoma makapi ya miwa yenyewe, ndiyo maana hesabu yake kwa kawaida huwa nzuri kuliko ya mahindi. Lakini msitu ukifyekwa ili kupanda zao lolote, faida hiyo huweza kumezwa kwa miaka mingi, na ardhi iliyokuwa ya chakula nayo huingia kwenye ushindani.

Kwa upande wa mfuko, lita ya ethanoli ina nishati pungufu kwa takribani theluthi moja ikilinganishwa na petroli. Kwa E10, upungufu huo ni kama asilimia 3 ya umbali utakaokwenda, kwa hiyo linganisha bei kwa kilomita, si kwa lita.

Adui mkubwa ni maji. Ethanoli huyavuta kutoka hewani, na E10 ikishabeba maji yanayokaribia nusu asilimia ya ujazo wake, mchanganyiko hutengana: ethanoli na maji huzama chini ya tangi, mahali hasa ambapo pampu hufyonza. Tabia hiyo hiyo hukupa njia ya kupima. Ukiwa nje, mbali na moto na umevaa glavu, tia mililita 10 za maji katika chupa nyembamba ya kioo yenye vipimo, ongeza mililita 100 za petroli, funga, tikisa, kisha iache itulie. Tabaka la chini likibaki kwenye 10, hakuna ethanoli. Likipanda hadi karibu na 20, unayo takribani asilimia 10. Sampuli hiyo usiirudishe tangini.

Gari la kabureta, kifaa cha kuchanganya hewa na mafuta, linahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa oksijeni ya ziada huufanya mchanganyiko huo uwe mwepesi kupita kiasi, yaani mafuta yawe machache mno kwa hewa iliyopo, na mipira ya zamani ya kupitishia mafuta huweza kuvimba au kupasuka. Ethanoli pia hung'oa uchafu uliogandamana tangini kwa miaka. Kagua chujio la mafuta baada ya kujaza mara mbili au tatu za mwanzo, na ulibadilishe likiziba.

Mashine zinazokaa muda mrefu bila kutumika, kama misumeno ya moto, jenereta na injini za boti, ndizo zinazoumia zaidi, na kwangu hizo hustahili petroli isiyo na ethanoli kila inapopatikana. Isipopatikana, mwaga mafuta ya tangini ndani ya chombo salama kabla ya kuihifadhi mashine, kisha iwashe na uiache ingurume mpaka izimike yenyewe, ili kabureta ibaki kavu.