Umeokota kajino kadogo ka dinosaria mla nyama? Anza na vijino (vile vidogo kama vya msumeno kwenye kingo za jino), sio umbo

Hapa naongelea meno ya Alberta (jimbo la Kanada) na Montana (jimbo la Marekani), yale ya miaka kama milioni 75 iliyopita, ukitoka nje ya hapo majina ya dinosaria yanabadilika. Mengi utayakuta hayana mzizi, usishangae, hawa jamaa meno yalikuwa yanang'oka na kuota upya maisha yao yote ndo maana yamezagaa.

1. Osha na maji na mswaki laini basi. Usikwangue na sindano, utaondoa kile kile unachotafuta.

2. Hakikisha sio mamba. La mamba ni la duara ukiliangalia kwa chini, la dinosaria wetu limebanwa ubavuni kama kisu.

3. Jua mbele na nyuma. Ukingo uliotuna ndo wa mbele, uliobonyea ndo wa nyuma. Ukichanganya hapa yote yanayofuata ni bure.

4. Sasa chukua lenzi ya mara 10, tafuta vijino vya msumeno kwenye kingo zote mbili, linganisha. Vya nyuma virefu, vya mbele vidogo kabisa au hamna, hiyo Saurornitholestes. Vikubwa kupita kiasi, vimejikunja kama ndoano kuangalia ncha, hao ni jamaa wa Troodon (mwaka 1856 mwanasayansi Mmarekani Joseph Leidy alilipa jina hilo jino moja tu, akadhani la mjusi, kwa hiyo ukikosea usilie). Vidogo mpaka unajiuliza kama vipo kweli, Richardoestesia. Vinalingana mbele na nyuma na ukingo wa mbele umejisokota kwenda upande wa ulimi, Dromaeosaurus.

Ila mtego upo hapo hapo, mtoto wa tairanosaria (jamii ya T. rex) naye vijino vyake vinalingana. Mi niliwahi kuandika Dromaeosaurus kwenye lebo na nikajisifu wiki nzima, kumbe jino lilikuwa nene tu, vijino kama patasi, na ukingo haujajisokota popote. Kabla hujaandika Dromaeosaurus, shika unene kwanza.

5. Hesabu vijino kwa kila milimita, katikati ya ukingo, maana karibu na ncha na chini huwa vinapungua saizi. Pima na kalipa urefu, upana wa chini, na unene.

6. Vimesagika na mto? Andika "mla nyama mdogo" uishie hapo.

Na Alberta kisukuku ni mali ya serikali ya jimbo, ndani ya Dinosaur Provincial Park piga picha tu uache palepale.