Jinsi ya kuziba pengo kwenye vilima vya mchanga vya Shela

Mji wa Lamu hunywa maji ya visima vya Shela, kijiji jirani chenye vilima vya mchanga kisiwani humo. Mvua hupenya mchangani hadi chini, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi, huelea juu ya maji ya bahari yaliyoingia ardhini. Kwa kawaida, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 za maji hayo chini ya usawa huo. Ndiyo maana pengo dogo kilimani, ambapo upepo hupeperusha mchanga unaohifadhi maji hayo, si jambo la kupuuza.

1. Tafuta chanzo. Mara nyingi ni njia ya watu na punda, au mahali palipozolewa mchanga wa kujengea. Chanzo kisipokoma, usianze kazi.

2. Hamisha njia. Ipite kwa mshazari. Njia iliyonyooka kuelekea baharini huupa upepo wa kusi mlango.

3. Weka uzio wa makuti. Fanya hivyo wakati wa maleleji, kusi haijashika kasi. Chomeka fito kwa mstari unaokingama upepo, ufunge makuti hadi kimo cha mita moja hivi, ukiacha karibu nusu wazi. Hapa wengi hubisha, wakitaka uzio mzito. Lakini uzio ulioziba kabisa huvuruga upepo, nao huchimba mchanga shinani. Upepo unaopenya hupungua nguvu na kuuangusha mchanga pale pale. Uzio usishuke hadi wanapopandia kasa kutaga.

4. Panda mlakasa masika yakianza. Ni ule mtambaazi wenye majani kama kwato za mbuzi na maua ya zambarau. Kata vipande vya dhiraa moja, vichache kutoka kila shina, uzike vifundo na kuacha ncha nje. Mchanga ukiufukia, mlakasa hutoa mizizi mipya kwenye vifundo na kuchomoza tena. Kilima hukua pamoja nao. Mvinje sikubaliani nao hapa, ingawa hukua haraka: majani yake makavu hutandika chini na kuzuia mimea midogo, ambayo ndiyo inayoushika mchanga.

5. Rudia. Makuti yakizama mchangani, yaache humo na usimamishe uzio mwingine juu yake. Mbuzi na punda wasiingie hadi mlakasa ufunike mteremko wote, na anayetaka kuchimba kisima chake hapo azuiwe mapema, kabla hajaleta pampu.