Namna ya kulalamikia ubaguzi wa ajira kwa mtu mwenye ulemavu: hatua tunazozifuata Tanga

Wengi wanaofika kwenye meza yetu ya msaada wa kisheria hapa Ngamiani huanza kwa kusimulia walivyodhalilishwa, nami huwakatiza kwa kuuliza tarehe. Si kwamba sina huruma. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ya kazi, ukiwamo wa kunyimwa ajira kwa sababu ya ulemavu, ndani ya siku 60 tangu ilipozuka. Aliyechelewa hulazimika kwanza kuomba aongezewe muda na kutoa sababu za kuridhisha.

Hatua ya kwanza ni kuandika yaliyotokea siku ile ile. Dada mmoja anayetumia kiti mwendo aliitwa kwenye usaili wa kazi ya ukarani, akakuta ofisi iko ghorofa ya pili na lifti hakuna. Alipiga simu akiwa chini, akajibiwa kwamba asiyeweza kupanda hataiweza kazi. Tulirudi naye pale, mdogo wake akahesabu ngazi, zikawa 34. Tukaandika idadi hiyo, saa ya simu kama ilivyohifadhiwa kwenye simu yake, cheo cha aliyejibu, na maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, bila kuyatia chumvi. Ukiambiwa “tutakupigia”, andika barua fupi ya kuomba jibu na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, lakini siku zako uendelee kuzihesabu kuanzia siku ya usaili.

Hatua ya pili ni kuchagua kifungu cha kusimamia. Wengi hukimbilia Ibara ya 13 ya Katiba, ambayo ni nzuri, ila ibara ndogo ya 5 inapofafanua ubaguzi haiutaji ulemavu kwa jina. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kinautaja waziwazi, kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na ule wa kificho, na kinamlinda hata mtu ambaye bado anaomba kazi. Tena mlalamikaji akishaonyesha misingi ya awali ya kubaguliwa, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea au kwamba sababu ilikuwa nyingine. Hapo ndipo zile ngazi 34 zinapofanya kazi. Tarajia mwajiri ajitetee kwamba sifa uliyoikosa ni ya lazima kwa asili ya kazi yenyewe, utetezi ambao sheria inauruhusu. Basi muulize mwajiri huyo: karani anapanda ngazi ili aandike nini?

Hatua ya tatu, ambayo wengi huiruka, ni kuhesabu wafanyakazi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba watu wenye ulemavu ni asilimia 3 au zaidi yao. Nimesikia hoja kwamba asilimia 3 ya watu 20 haifiki mtu mmoja, kwa hiyo mwajiri hadaiwi kitu. Kwa maoni yangu hoja hiyo haisimami: mtu hakatwi vipande, na asiye na hata mmoja hajafikia kiwango. Upungufu huo peke yake hauthibitishi kwamba wewe ulibaguliwa, lakini unaipa nguvu picha nzima.

Hatua ya nne ni kujaza fomu CMA F.1, yaani fomu ya kupeleka mgogoro kwenye Tume hiyo ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA ni kifupi cha jina lake la Kiingereza). Sehemu B ni ya walioachishwa kazi tu, kwa hiyo mwombaji kazi aiache wazi. Mpatie mwajiri nakala kwanza, apokee kwa saini, kisha uiwasilishe Tume pamoja na uthibitisho huo. Panapoulizwa unachotaka, usiandike “haki yangu”. Andika kwamba unaomba usaili urudiwe mahali panapofikika, au taja fidia unayodai.

Siku hiyo hiyo ya kuwasilisha fomu, omba kwa maandishi chumba cha chini au mkalimani wa lugha ya alama kwa ajili ya usuluhishi, kwa kuwa usuluhishi wenyewe umepewa siku 30, na kikao kikiahirishwa kwa sababu hukuweza kuingia chumbani, siku zinazoliwa ni hizo hizo.