Namna ya kupunguza maumivu unapochukuliwa kinyama cha tezi dume

Mwanamume aliyeambiwa kwamba kipimo chake cha damu cha PSA (protini inayotengenezwa na tezi dume) kimepanda, na kwamba sasa inafaa achukuliwe kinyama cha tezi dume, yaani vipande vidogo vya tezi hiyo vya kupimwa saratani, mara nyingi hupewa na jamaa zake ushauri wa neno moja: jikaze. Kwa kipimo hiki ushauri huo ni mbaya kwa maana zake zote mbili. Anayejikaza mwili hukaza misuli ya njia ya haja kubwa, ambako ndiko kifaa cha kipimo kinakopita, na misuli iliyokazwa huumia zaidi. Anayejikaza moyo hunyamaza hata pale ganzi inapokuwa haijashika, ilhali daktari angeweza kumwongezea.

Maandalizi huanza kabla ya siku yenyewe. Kabla hujatia saini fomu ya ridhaa, uliza waziwazi utapewa ganzi ya aina gani na itapitishwa wapi. Wala usione haya, kwa sababu jibu ni haki yako. Mweleze daktari kama una bawasiri au mpasuko wa njia ya haja kubwa, kama uliwahi kudhurika na ganzi ulipong'olewa jino, na dawa zote unazotumia, hasa zile za kuzuia damu kuganda kama vile warfarini. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe.

Maumivu ya kipimo hiki hayatoki mahali pamoja, na hilo ndilo wengi hawaambiwi. Chanzo cha kwanza ni kifaa cha altrasaundi kinachomwonyesha daktari tezi, chenye unene unaokaribia wa kidole gumba, ambacho baadhi ya wagonjwa husema kiliwasumbua kuliko sindano zenyewe. Sindano ya ganzi inayochomwa kando ya tezi haisaidii sana hapo. Kinachosaidia ni jeli ya lignokaini, ambayo ni dawa ya ganzi, tena ikiachwa ikae dakika kadhaa kabla kifaa hakijaingizwa. Kifaa kinapoingia, vuta pumzi, uitoe polepole kwa mdomo, na usukume kidogo kama mtu anayekwenda haja, kwa kuwa kusukuma huko hulegeza msuli wa mlangoni.

Kisha huja ganzi yenyewe. Kwa kawaida ni lignokaini ya asilimia 1, mililita 10 hivi, inayogawanywa kulia na kushoto karibu na mahali tezi dume inapokutana na vifuko vya manii, ambako hupita mishipa ya fahamu inayohudumia tezi. Utahisi mgandamizo au mchomo wa sekunde chache, na baada ya hapo ganzi inahitaji dakika kadhaa ili ishike. Kama kinyama kinachukuliwa kupitia ngozi ya msamba, yaani kati ya korodani na njia ya haja kubwa, ngozi nayo hutiwa ganzi, na mchomo wake wa kwanza huwa mkali zaidi. Asiyeweza kabisa kuvumilia aulize kuhusu dawa ya usingizi, ingawa itambidi afunge kula na awe na mtu wa kumrudisha nyumbani.

Vipande vinavyochukuliwa kwa kawaida hufika 12, na kila kimoja hukatwa kwa sindano yenye springi inayolia ta! kama stepla ya ofisini. Mlio huo humshtua mtu kuliko uchungu wenyewe, kwa hiyo mwombe daktari aifyatue sindano mara moja hewani kabla ya kuanza. Ukiwa umelala ubavu wa kushoto na magoti umeyakunja kifuani, vihesabu vipande kimoja kimoja. Ukiumia sema kwa sauti, lakini usiruke, maana sindano iko ndani.

Ukifika nyumbani, paracetamoli hutosha kwa wengi: vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, bila kuzidisha 8 kwa siku, na mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu huzikimbilia dukani, zinaweza kuongeza kuvuja damu. Usizitumie bila ruhusa ya daktari. Damu kidogo kwenye mkojo na kinyesi kwa siku chache ni jambo la kawaida, na kwenye shahawa huweza kuonekana kwa wiki kadhaa. Kushindwa kukojoa, au damu nyingi yenye mabonge, ni sababu ya kurudi hospitali mara moja.

Paracetamoli ina hila moja: huficha homa, ambayo baada ya kipimo hiki inaweza kuwa dalili ya maambukizi. Pima joto kabla ya kumeza kidonge, na likifika nyuzi 38, au ukitetemeka kwa baridi, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Kwetu homa hupewa haraka jina la malaria. Kwa hiyo neno la kwanza utakalomwambia mhudumu wa mapokezi liwe kwamba umechukuliwa kinyama cha tezi dume, na siku uliyochukuliwa.