Skrini Nyeusi Baada ya Kusasisha Windows: Usikimbilie Kufomati

Kompyuta ikijisasisha usiku na asubuhi ikaamka na skrini nyeusi, wengi hapa Nairobi huwaza jambo moja tu: kupiga Windows upya. Fundi mwenye haraka pale Luthuli Avenue naye atakubali, maana kupiga Windows ni kazi nyepesi kuliko kutafuta chanzo. Mimi ni fundi, na ombi langu ni usikubali mapema. Mara nyingi sasisho likikwama halijagusa faili zako hata moja. Tasnifu, picha za harusi, hesabu za duka, vyote bado viko kwenye diski. Kinachovifuta ni fomati, yaani kufuta diski yote kabla ya kupiga Windows upya. Kwa hiyo tutaanza na njia zisizoharibu kitu, na zile nzito tutazifikia tukilazimika.

Hatua ya 1: Jua ni weusi wa aina gani

Chomeka chaja kisha usubiri. Sasisho kubwa kwenye mashine ya zamani yenye diski ya kuzunguka linaweza kuchukua zaidi ya saa moja, skrini ikizima na kuwaka. Taa ya diski ikiwa bado inamemeteka, usiguse kitu. Kuzima katikati ya kazi hiyo ndiko kunakoharibu Windows kweli, na ndiyo maana sisasishi kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba ya kuishikilia stima ikipotea) siku ambayo stima inapotea na kurudi.

Ikiwa imetulia kabisa, bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima, kompyuta iko hai na kinachokosekana ni picha tu. Sasa zima taa ya chumba, washa tochi ya simu na uimulike skrini kwa ubavu, karibu kabisa na kioo. Ukiona maandishi au nembo kwa mbali, mwanga wa nyuma wa skrini umekufa. Hilo ni tatizo la kifaa, na hatua zinazofuata hazitalitibu. Mwenye runinga ya HDMI aunganishe laptopu hapo: picha ikitokea kwenye runinga, Windows ni nzima.

Hatua ya 2: Jaribu kibodi

Bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Hii huanzisha upya draiva ya picha, yaani programu inayoendesha kadi ya picha, bila kufunga programu zako. Kwa kawaida utasikia mlio mfupi na skrini itamweka. Kimya? Bonyeza Windows na P, kisha mshale wa chini, kisha Enter, na urudie mara kadhaa. Huenda Windows inapeleka picha kwenye skrini ya pili ambayo haipo.

Ukiona mshale wa kipanya ukitembea juu ya weusi, shukuru. Windows imewaka, ila sehemu inayochora dawati haikuanza. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc. Task Manager ikifunguka, chagua "Run new task", andika explorer.exe na ubonyeze Enter. Dawati likirudi, ruka hadi hatua ya 6.

Hatua ya 3: Ondoa umeme uliobaki

Zima kabisa, chomoa chaja, flashi, printa na kila kilichounganishwa. Betri kama inatoka, itoe. Shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, rudisha betri na chaja pekee, washa.

Hatua ya 4: Ingia kwenye mazingira ya ukarabati, uokoe faili

Washa kompyuta, na nembo inapotokea tu, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 hadi izime. Rudia tena. Mara ya tatu iache iwake yenyewe. Utaona skrini ya ukarabati: chagua "Advanced options", au "Troubleshoot" kisha "Advanced options".

Hapa wenye laptopu za ex-UK, zile zilizotumika Uingereza kisha kuletwa hapa, wawe makini. Kompyuta inaweza kudai ufunguo wenye tarakimu 48 wa BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba data ya diski isisomeke bila ufunguo. Kwa kawaida ufunguo huo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuwasha usimbaji, na unaweza kuusoma kwa simu kupitia aka.ms/myrecoverykey. Ikiwa aliyekuuzia aliiandaa mashine kwa akaunti yake mwenyewe, ufunguo uko kwake. Mtafute kabla ya kuendelea. Bila tarakimu hizo, hakuna fundi atakayekufungulia diski.

Sasa okoa faili. Chomeka flashi au diski ya nje, fungua "Command Prompt" (dirisha jeusi la kuandikia amri), andika notepad na ubonyeze Enter. Ndiyo, ile Notepad ya kawaida. Nenda "File", kisha "Open", na pale chini badilisha aina ya faili iwe "All Files", la sivyo utaona faili za maandishi pekee na kudhani nyingine zimepotea. Kidirisha hicho kinakuonyesha diski zote. Usishtuke ukikuta iliyokuwa C imepewa herufi nyingine. Ingia "Users", kisha folda yenye jina lako. Bofya folda unayoitaka kwa kitufe cha kulia, chagua "Copy", nenda kwenye flashi, "Paste". Huenda usione mstari wa maendeleo, na dirisha likaonekana limeganda. Liache limalize. Nenda kaandae chai.

Hatua ya 5: Ondoa sasisho, kisha draiva

Ukishaokoa faili, rudi "Advanced options" na uchague "Uninstall Updates". Utapewa chaguo mbili: anza na "latest quality update", lile dogo la kila mwezi. Chaguo la "latest feature update" ni la waliopanda toleo zima, kama wengi waliohama Windows 10 baada ya msaada wake wa bure kuisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa kawaida mlango wa kurudi nyuma hufungwa baada ya siku 10, basi usikae na skrini nyeusi mwezi mzima ukingoja mshahara.

Weusi ukibaki, nenda "Startup Settings", "Restart", kisha ubonyeze 5 upate Safe Mode yenye mtandao, hali ambayo Windows huwaka na draiva za msingi tu. Picha ikionekana humo, mshukiwa wangu wa kwanza ni draiva ya picha. Fungua Device Manager, "Display adapters", bofya mara mbili jina la kadi, kisha "Driver" na "Roll Back Driver". Kama kitufe hicho kimefifia, chagua "Uninstall device", washa upya, kisha pakua draiva kutoka tovuti ya aliyeitengeneza kompyuta yenyewe. Zile programu zinazojitangaza kutafuta draiva zote kwa mkupuo, ziepuke.

Hatua ya 6: Imewaka, isirudi tena

Amri mbili zifuatazo hukagua na kurekebisha faili za Windows zilizoharibika. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Ikimaliza, andika:

sfc /scannow

Amri ya kwanza inaweza kuvuta faili kutoka intaneti, kwa hiyo hakikisha bando lipo. Baadaye ingia Settings, Windows Update, na usimamishe masasisho kwa wiki moja au mbili. Usiyazime milele, maana humo ndimo mna viraka vya usalama.

Yote yakishindikana, mpelekee fundi na umwambie kabla hajaifungua: diski itolewe, iunganishwe kwenye kompyuta nyingine, faili zinakiliwe mbele yako, na ufunguo wa BitLocker uwe nao mkononi. Fungua faili mbili tatu uone zinasomeka, ndipo umruhusu apige Windows.